Sikio la Kushoto

Mama yangu Leokadia,

Nimekaa kwenye chumba cha ndoo za asali, mlango nimeufunga, na wewe na mama yako mmekwenda Makanyagio kumuaga shangazi yako. Namjua dada yangu, hawaachii watu mpaka wale, tena washibe, kwa hiyo nina muda. Jua bado liko juu. Treni yako ni kesho, na mambo ya sweta, pasipoti na kutokumwachia mtu begi lako mama yako ameyasema tangu Jumatatu, ameyarudia mpaka naona hata kuku wameyashika. Mimi sitaongeza hata moja.

Langu ni jingine, na nalitoa hapa hapa mwanzoni nisije nikaanza kulizunguka. Ile simu ya ufadhili wa masomo yako haikuja siku ile niliyokupa simu. Ilikuja siku tisa kabla. Nilijua, na nilinyamaza.

Haya. Nimeandika. Na unajua nimejisikiaje? Kama nimetua gunia. Sikutegemea. Nilidhani nitajisikia vibaya zaidi.

Sasa tafadhali usiache kusoma hapo. Najua hasira zako, umezirithi kwangu. Ukiacha hapo utajua nilichofanya lakini hutajua kilitoka wapi, na kilitoka mbali, tangu kabla hujazaliwa.

Babu yako, baba yangu mimi, hukumkuta. Alikuwa mrina asali ambaye ukitaja jina lake kutoka hapa mjini mpaka Sitalike watu walikuonyesha njia ya kwake. Mizinga yake ilikuwa ya magome, ametundika kwenye miti ya mininga na mitundu, na hakuna mzinga aliowahi kuufungua bila kuugonga kwanza. Unajua mwenyewe kwa nini tunagonga. Ukifungua mzinga ukakuta majana, wale watoto wa nyuki, badala ya asali, umeshaua kizazi na kundi linahama. Kwa hiyo alipanda na kamba yake, anagonga mara mbili kwa mpini wa shoka, taratibu, anaweka sikio. Wenye asali unajibu kwa sauti nzito na fupi, halafu kimya. Wenye majana unavuma, hautaki kunyamaza. Mtupu unalia kama debe. Alinifundisha hivyo, na mimi nikakufundisha hivyo hivyo, au tuseme nilijifanya nakufundisha. Nitafika huko.

Mzee alipoanza kupoteza masikio hakumwambia mtu. Msimu mmoja akafungua mizinga minne ya majana kwa mpigo, na nyuki wote wakahama. Na kwetu kuna desturi, mrina asiyesikia mzinga ananyang'anywa kamba. Haambiwi aache kazi, kamba yake inachukuliwa tu, basi, kila mtu ameelewa.

Aliyeichukua ni mimi. Hilo sijawahi kukusimulia. Tena sikumfuata pembeni kama mtoto mwenye adabu. Nilisubiri siku ya komunyo ya mdogo wangu, watu wamejaa uani, nikaishika kamba ukutani nikasema kwa sauti kubwa, "Mzee, hii sasa niachie mimi. Wewe kaa na mbuzi, wao hawana haja ya kugongwa." Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Alicheka kwa sababu hakusikia nilichosema, aliona tu watu wanacheka. Baadaye akageuka, akaona ukuta mtupu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilijiona mjanja sana. Yule mzee alichunga mbuzi mpaka alipokufa.

Baada ya hapo, kabla sijamuoa mama yako, nilikwenda kufanya kazi kwenye karasha, ile mitambo ya kusagia mawe ya dhahabu. Miaka mitatu nimesimama karibu na pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani, linazunguka kutwa. Tulikuwa tunaongea kwa mikono. Hakuna aliyetuambia tuzibe masikio, na angetuambia tungemcheka. Nilitoka pale na hela za kununulia baiskeli na mlio mwembamba kichwani ambao haujaondoka mpaka leo.

Miaka ikapita, wewe ukazaliwa, nikarudi kwenye mizinga. Siku moja nikamuuliza mama yako, hivi kwa nini mwaka huu nyenje hawalii? Akaniangalia. "Wanalia mpaka wanakera," akasema. Nikajibu eh, kweli, nilikuwa natania tu. Nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe, nikakaza masikio mpaka kichwa kikauma. Kimya. Mama yangu, niliogopa siku ile kuliko siku niliyokutana na nyati uso kwa uso. Kwa sababu nyati nilijua nitamkimbia niende wapi.

Msimu uliofuata nikafungua mzinga wa majana. Nikajiambia bahati mbaya. Wiki ile ile nikafungua wa pili. Yale masega nilichimba shimo nikayafukia porini, mimi mwenyewe, mtu mzima, nafukia kama mwizi, ili asije akapita mtu akayaona. Na kichwani namwona mzee anacheka uani pamoja na watu.

Ndipo nikaanza kukuchukua wewe. Ulikuwa na miaka kumi. Ulidhani baba amekupenda kuliko kaka zako, na majirani walidhani nimechanganyikiwa, binti wa watu anapelekwa porini kupanda miti. Niliwajibu kwa ukali wangu ule unaoujua, "Mtoto ni wangu na pori nalijua mimi." Baadaye wakageuza maneno, eti mimi ni baba wa kisasa, sibagui watoto. Padri akanitaja mpaka kwenye mahubiri! Nikakaa pale kwenye benchi natazama viatu vyangu. Sikuwa baba wa kisasa. Nilikuwa nimeazima masikio.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuambia? "Gonga wewe, nione kama umeshika." Unagonga, unaweka sikio, unasema, "Asali, baba." Na mimi natikisa kichwa kukubali kama mwalimu mkuu, "Umepatia." Ukisema "Majana," nasema "Umepatia." Ukisema mtupu, umepatia. Hukuwahi kukosea hata mara moja, maskini wa Mungu, na wewe hukujiuliza ni mtoto gani huyo asiyekosea.

Hivyo ndivyo nilivyodhani mpaka leo asubuhi.

Ukasoma. Ukaenda chuo Dodoma, ukarudi na fizikia yako, ukaanza kujitolea kufundisha pale sekondari, na Jumamosi unakuja porini na mimi kama zamani. Ukaniambia umeomba nafasi ng'ambo, kusoma habari za ulimwengu ulipokuwa mchanga kabisa. Nikasema vizuri, mama, Mungu akubariki, na moyoni nikasema haipati. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyosema. Simu yako ilikuwa imekufa, ukawaandikia namba yangu.

Watu wa ufadhili walipiga saa nne asubuhi, nikiwa hapa hapa nachuja asali. Kwenye simu mimi nasikia nusu nusu, unajua, nilikuwa nawasingizia watu wa mtandao. Nikasikia sauti ya mwanamke, nikasikia "binti yako," nikasikia "nafasi," nikasikia "athibitishe." Mengine yakapotea. Ningeweza kumwambia, dada, sisikii vizuri, rudia. Badala yake nikasema ndiyo, ndiyo, asante, nikakata.

Halafu nikafanya kitu ambacho bado kinanishangaza. Miaka kumi na tano nilikuwa najifanya nasikia wakati sisikii. Siku ile nikajifanya sikusikia wakati nimesikia. Nikajiambia, labda ni mtu amekosea namba. Labda alikuwa anauza bima. Nikakaa na huo uongo mpaka jioni, ikaingia meseji. Na meseji haihitaji sikio. Imeandikwa jina lako, imeandikwa umepata, imeandikwa uthibitishe ndani ya wiki mbili, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Niliisoma mara tano. Nikaweka simu kwenye debe la nta.

Ulikuwa unaniuliza kila siku, "Baba, hakuna aliyepiga?" Na mimi, "Hakuna." Siku ya nne ukaacha kula ugali ukasema tumbo. Siku ya sita mama yako akaniambia, huyu mtoto anakonda, ongea naye. Siku ya saba nilikuona umekaa kwenye ngazi ya jikoni unasahihisha madaftari ya wanafunzi huku machozi yanadondoka kwenye karatasi, unayafuta na kiganja unaendelea kusahihisha. Nikapita. Nilikuwa na dawa yako kwenye debe la nta nikapita, nikaenda kuwapa kuku maji ambayo nilikuwa nimewapa tayari.

Nilijiambia nini? Nilijiambia akienda, nani atagonga? Nitafungua majana, watajua, kaka zako watakuja kuchukua kamba ukutani. Nilijiambia pia Ulaya ni mbali, kuna baridi, watu wabaya. Hizo zilikuwa za kupambia tu. Sababu ilikuwa ukuta mtupu.

Siku ya nane ilikuwa Jumamosi. Tulikwenda kwenye msitu wa kijiji, upande ule wa barabara ya Sitalike, na baada ya mizinga mitatu tukakaa tukala mihogo. Kwa mara ya kwanza nikakuuliza unachotaka kusoma hasa ni nini. Nadhani niliuliza ili nipate sababu ya kukidharau. Ningesikia upuuzi ningepumua, ningesema basi, hajapoteza kitu.

Ukakaa upande wangu wa kushoto. Wewe daima unakaa kushoto. Ukasema, "Baba, ni kugonga mzinga."

Nikasema acha utani.

"Sitanii." Ukaanza kunieleza, na mimi nayaandika hapa nilivyoelewa, ukiona nimechapia utanisahihisha. Ukasema mwanzoni kabisa ulimwengu wote ulikuwa moto, umebanana, mzito kama uji, mpaka mwanga wenyewe ulikuwa unagongana humo haupati pa kutokea. Na ule uji ulikuwa unatikisika. Uzito unauvuta ndani, mwanga unausukuma nje, ndani, nje, na huko kutikisika ndiko sauti. Ulimwengu mzima ulikuwa unavuma. Halafu ukapoa, mwanga ukapata njia, ukatoka, na mwanga huo bado upo mpaka leo, umechoka, macho yetu hayauoni, lakini vyombo vinaupata kila upande wa mbingu. Na una alama za ule mvumo. Sehemu hii ina joto kidogo, sehemu hii ina baridi kidogo.

"Wakizisoma hizo alama," ukasema, "wanajua ndani mlikuwa na nini."

Nikauliza, kwa nini wasiufungue wakatazama? Ukacheka. "Haufunguliki, baba. Sisi tumo ndani yake."

Nikauliza, nani aligonga? Ukacheka zaidi. "Hapo ndipo wanapogombana." Nikakuambia mimi jibu langu ninalo tangu katekisimu, wao waendelee kugombana.

Ukaniambia kitu cha ajabu zaidi. Kwamba vitu vyote tunavyovijua, mawe, maji, nyuki, mimi na wewe, na nyota, ni sehemu ndogo tu. Kuna kingine kingi kuliko hivyo, hakitoi mwanga, hakiguswi, hakuna aliyewahi kukiona, na wamekipa jina maada giza kwa kukosa jina bora. Nikakuuliza wamejuaje kipo kama hakuna aliyekiona? Ukasema kwa sababu kina uzito, na uzito wake uko kwenye mvumo. Mwanga hauwezi kukisukuma nje, kwa hiyo kinabaki pale pale kinavuta, na mvumo unaelemea upande mmoja.

Nikafikiri. Nikasema, kwa hiyo ni kama asali. Wanaolia ni nyuki, asali hailii, lakini asali ndiyo inayoifanya sauti iwe nzito.

Ukanitazama, mama yangu, ukaacha kutafuna muhogo. "Baba," ukasema, "profesa wangu alichukua wiki mbili kutueleza hilo."

Ningekuwa na adabu ningefurahi kimya kimya. Lakini wewe wanijua. Nimewasimulia watu wote wa soko la Mpanda Hoteli.

Halafu ukaniambia habari za zile chembe nyingine, nyutrino, ambazo zinapita kwenye kila kitu kama hakipo, hata sasa zinanipita mimi na huu mzinga na dunia yote zinatokea upande wa pili bila kugusa. Ukasema zenyewe hazikusubiri, zilitoka kwenye ule uji mapema kuliko mwanga, zikakimbia mbele ya sauti, na kwa kukimbia huko zikaivuta kidogo, ikatua mahali siyo pake. Kwa hiyo zimejulikana kwa mahali sauti ilipohamia. Na uzito wake ni mdogo mno, hakuna mizani iliyoupata, wanajua tu upo. Ukasema labda ulimwengu mzima ndio mizani yake, kwa sababu zikiwa nyingi kiasi kile, hata uzito wa bure unaacha dalili, vile vishada vidogo vya nyota vinashindwa kushikana vizuri. Hiyo ndiyo kazi unayotaka kuifanya. Kuupima uzito wa kitu kisichoshikika, kwa mwangwi wa zamani.

Nikasema, na huo mvumo, mnausikiaje?

"Hatuusikii," ukasema. "Sauti yenyewe ilikwisha zamani, hakukuwa na sikio. Tunatazama alama zake tu. Hakuna anayesikia chochote, baba. Na bado wanajua."

Sijui kama ulinitazama uliposema hivyo. Mimi sikuthubutu kukutazama. Nilikuwa natazama mikono yangu. Hakuna anayesikia na bado wanajua. Na mimi nimefunga maisha ya mtoto kwenye debe la nta kwa sababu sisikii.

Kesho yake, siku ya tisa, baada ya misa nikatoa simu, nikaipangusa nta, nikaja nayo nimeshangaa usoni kama mwigizaji. "Mama, hebu soma hii, imeingia sasa hivi." Ukasoma. Ukapiga kelele hata mimi nikasikia. Ukanikumbatia mpaka kofia ikaanguka, ukakimbia steshenari kuwajibu ukiwa na kandambili moja yako na moja ya mama yako. Zilikuwa zimebaki siku tano. Kuna siku nyingine nakaa nazihesabu hizo tano nikijiuliza kama ungetuma jibu ukakuta mtandao umekatika, kama ungeumwa, kama mimi ningeendelea. Ule usiku mama yako aliimba.

Sasa leo asubuhi. Nilikuomba twende kwenye ule mzinga wa karibu, wa kwenye mtundu uliolala, ambao mtu anaufikia akiwa amesimama chini. Nilikuwa nimebeba kamba ya babu. Nilipanga nikupe. Nilipanga niseme imeshakuwa yako, mimi nastaafu, nimechoka, magoti. Nilikuwa nimeandaa magoti kabisa, nilichechemea tangu barabarani.

Ukaikataa. Ukasema, "Baba, njoo hapa." Ukanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayembatiza mtoto, ukaniegemeza paji la uso kwenye gome la mzinga, na taya. "Kaza meno," ukasema. Ukagonga.

Leokadia. Ulinijibu. Mzinga ulinijibu kwenye mfupa. Mzito, mfupi, kimya. Ukagonga tena, nikasema, "Asali!" nikiwa nimeng'ang'ania gome kama mtoto wa nyani. Nyuki wawili wakanichoma shingoni na sikujali.

Nilipogeuka ulikuwa unalia na kucheka. Ukasema ulijua tangu una miaka kumi na miwili. Kwamba ulishangaa kwa nini hukosei, ukaamua kunijaribu. Mzinga ulikuwa umejaa asali ukasema mtupu, na mimi nikasema, "Umepatia." Ukasema ulikwenda nyuma ya kichuguu ukalia, ukafuta macho, ukarudi, na tangu siku ile ukawa unakaa kushoto kwangu kwa sababu uliona sikio la kushoto lina nafuu. Miaka kumi na mitatu! Mezani, kanisani, kwenye pikipiki, umenikalia kushoto na mimi nikadhani ni mazoea.

Nilikuuliza kwa nini hukusema. Ukasema, "Nilisubiri useme wewe."

Basi ndiyo maana naandika. Ulinisamehe leo kwa kosa lile dogo, ukadhani umemaliza. Nilirudi nyumbani mwepesi, nimetembea bila kuchechemea, mama yako akauliza magoti yamepona? Nikamwambia yote, pale pale jikoni, kuhusu masikio. Unajua alisema nini? "Eti siri. Mwenye nyumba anapiga kelele nyumba nzima kama yuko mnadani, siri gani hiyo?" Kumbe walikuwa wanajua wote. Kaka zako wanajua. Na kamba imekaa ukutani miaka yote, hakuna aliyeinyooshea mkono. Nilikuwa nawaogopa watu ambao walikuwa wananitunza. Nikikumbuka nilivyomfanyia mzee wangu naona sikustahili, lakini nimepokea, na nimefurahi, sitakudanganya.

Ila hizi siku tisa hakuna anayezijua. Wewe unaondoka kesho ukidhani baba yako alikuwa na aibu tu. Alikuwa na aibu, na aibu ilimfanya akuibie. Nataka uende ukijua vyote viwili.

Sina ushauri mkubwa. Ungekuwepo ungesema afadhali. Nina hili tu, kwa sababu nimelilipia. Huko uendako kutakuwa na siku ambayo profesa anaongea, wote wanatikisa kichwa kukubali, na wewe hujasikia, au hujaelewa. Usitikise. Mimi nilitikisa kichwa miaka mingi na angalia kulikonifikisha. Sema, "Samahani, rudia." Watacheka mmoja wawili, waache. Na ukiwa mkubwa huko, ukimwona mzee fulani ameanza kukosea hesabu zake, usiishike kamba yake mbele ya watu. Kaa kushoto kwake. Wewe hilo unaliweza bila kuambiwa, sijui hata kwa nini naliandika.

Na ukikuta uzito wa hizo nyutrino, niandikie. Usipige. Kwanza nitaelewa vibaya, halafu nitawasimulia soko zima nilivyoelewa.

Nilikuwa nimepanga barua hii niichomeke ndani ya begi, chini ya sweta, uikute ukiwa umeshapita Tabora. Hapo ungekuwa mbali, ungekasirikia dirisha la treni, na mimi ningekuwa hapa nimejificha salama. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona nafanya yale yale. Begi ni debe la nta jingine. Kwa hiyo hapana. Nitakupa mkononi, leo, jua likiwa bado lipo, uisome mbele yangu.

Dirishani naona mbwa ameinuka, anatikisa mkia anaelekea getini. Mimi sijasikia kitu, lakini mmefika.

Ukimaliza kusoma, lolote ulilonalo niambie. Hata kama ni la kunifokea. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Njoo ukae kushoto kwangu, useme kwa sauti, na nisiposikia nitakuambia urudie.

Baba yako.